Nairobi mpaka New York: jinsi ya kupiga mwenyewe hesabu ya umbali na masaa ya angani

Mtumie mtu picha ya tiketi ya Nairobi kwenda New York uone, kitu cha kwanza atafanya ni kutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika. Ndege inaondoka 23:50, inafika 07:50, ah kumbe masaa nane tu, unalala unaamka umefika. Afu anashuka chini kuangalia ya kurudi, 12:30 mpaka 10:00 ya kesho yake, anapata masaa ishirini na moja na nusu, hapo sasa anaanza kumpigia wakala kumuuliza hiyo ndege wakati wa kurudi inapitia wapi. Haipitii popote, ndege ni ileile na njia karibu ileile, ila saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za miji miwili tofauti, na ukizitoa hivyo hivyo unapata namba ambayo haina maana yoyote.

Jibu fupi kwa mwenye haraka: umbali ni kama kilometa 11,840, kwenda ni kama masaa 15, kurudi kunapungua kidogo. Ndege ya moja kwa moja ipo, Kenya Airways waliianzisha tarehe 28 Oktoba 2018 kwa Boeing 787-8, ile inayoitwa Dreamliner. Anayetaka kujua hizo namba zinatokaje, ili kesho ajipigie Dar–Guangzhou au Mombasa–Toronto bila kumuuliza mtu, twende pamoja. (Saa nitakazotumia humu ni za mfano tu, ratiba zinabadilika kila msimu, tiketi yako ndo iongoze.)

Hatua ya 1: pata umbali, na achana na rula

Watu wengi wanachukua ile ramani ya ukutani ya shule, wanaweka rula kutoka Nairobi mpaka New York, wanapiga mstari. Kwenye ramani nyingi za aina hiyo mstari wako utakatiza Afrika na kutokea baharini pale Mauritania. Sasa ukitaka kushangaa tafuta tufe, lile la duara la mezani, shika uzi, bana ncha moja Nairobi na nyingine New York, uvute mpaka ukaze. Uzi hautokei Mauritania hata kidogo, unapanda juu, unapita kaskazini mwa Uganda maeneo ya Lira, Sudan Kusini, unagusa kona ya Darfur, Chad, Niger, Algeria, unatoka Afrika kwenye pwani ya Morocco kusini kidogo ya Casablanca, unapita jirani kabisa na visiwa vya Azores ndo unavuka Atlantiki. Huo wa uzi ndo mfupi. Ule wa rula ni mrefu zaidi kwa kama kilometa 350, kwa sababu ramani bapa imevuta dunia ambayo kiukweli ni ya mviringo.

Kupata kilometa zenyewe unahitaji latitudo na longitudo za viwanja viwili, unabonyeza kwa kidole kwenye ramani ya simu zinatokea. JKIA, uwanja wa Nairobi, ni −1.32 na 36.93. JFK, uwanja wa New York, ni 40.64 na −73.78. Kusini mwa ikweta weka alama ya kutoa, magharibi ya Greenwich weka alama ya kutoa, hapa ndo watu wanapoharibu kwa hiyo usikimbie.

Fungua kalkuleta ya simu, ilaze ubavu zije zile batani za sin na cos, na hakikisha imeandikwa Deg sio Rad. Kisha:

sin ya latitudo ya kwanza × sin ya latitudo ya pili: −0.0230 × 0.6513 = −0.0150

cos ya latitudo ya kwanza × cos ya latitudo ya pili × cos ya tofauti ya longitudo: tofauti ni 36.93 kutoa −73.78, yaani 110.71. Sasa 0.9997 × 0.7588 × −0.3536 = −0.2682

Jumlisha hizo mbili unapata −0.2832. Bonyeza cos⁻¹ inakupa nyuzi (digrii) 106.45. Kila nyuzi moja juu ya uso wa dunia ni kama kilometa 111.2, zidisha, unapata 11,837. Basi, hiyo ndo 11,840 niliyokwambia hapo juu. Tovuti zinazokupa umbali kwa kuandika NBO na JFK, vifupi vya viwanja hivi viwili, zinafanya hesabu ya namna hiyohiyo, zinatofautiana kilometa chache tu kwa sababu dunia sio duara kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha.

Ukikuta mahali wameandika maili, kuna maili mbili na zinachanganya. Ya kawaida ni kilometa 1.609, ya baharini ambayo marubani wanatumia ni 1.852. Safari hii ni kama maili 7,355 za kawaida na kama 6,390 za baharini, safari ileile.

Na ujue kwamba ndege haiendi juu ya huo uzi kabisa. Tangu vita vianze Sudan Aprili 2023 ndege nyingi zinaikwepa anga yao, Libya nayo wengi wanaikwepa miaka na miaka, afu Atlantiki kuna njia zinapangwa upya kila siku kufuata upepo. Kwa hiyo kilometa zinazopigwa kweli ni zaidi ya hizo, siku nyingine kwa mia mbili tatu na siku nyingine zaidi.

Hatua ya 2: geuza kilometa kuwa masaa

Dreamliner ikishatulia juu inatembea kama kilometa 900 kwa saa. 11,840 gawa kwa 900 unapata masaa 13 na kidogo. Ila tiketi haihesabu muda wa kutembea juu peke yake, inahesabu kuanzia ndege inaporudishwa nyuma kutoka getini mpaka inaposimama geti la kule, sasa hapo katikati kuna kutambaa mpaka kwenye njia ya kurukia, kusubiri foleni, kupanda, na mwishoni kushuka taratibu na kuzungushwa angani mpaka upewe nafasi. Ongeza dakika 30 mpaka 45 kwa kazi zote hizo.

Ukitaka kuona hizo dakika zina nguvu gani chukua Dar–Nairobi. Ni kilometa 670 tu, kwa 900 kwa saa ungetegemea dakika 45, lakini tiketi inaandika saa moja na robo na zaidi. Kwa safari fupi kupanda na kushuka ndo karibu safari nzima, kwa safari ndefu ni nyongeza ndogo. Ndo maana huwezi kuchukua mwendo wa Dar–Nairobi ukauzidisha ili upate wa New York, utapata uongo mtupu.

Tumefika 13 na dakika 50 hivi. Bado saa moja kufika zile 15.

Hatua ya 3: weka upepo

Hii saa moja ndo watu wanaitungia hadithi. Utasikia mtu anasema ukienda magharibi dunia inazunguka inakukimbia, ukienda mashariki inakuja kukupokea, na mwingine anasema kinyume chake na wote wana uhakika. Hewa inazunguka pamoja na dunia na ndege iko ndani ya hewa, kwa hiyo mzunguko wenyewe haukupi wala haukunyimi kitu. Kinachofanya tofauti ni upepo. Huko juu kilometa 9 mpaka 12, kuanzia maeneo ya Sahara kwenda kaskazini, kuna mikondo ya upepo mkali inayotoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi ya kaskazini, Desemba mpaka Februari, inaweza kuzidi kilometa 200 kwa saa, kuna siku inapita hata 300.

Ukitoka Nairobi mwanzo wa safari uko karibu na ikweta na hauna shida nayo, ila kuanzia kusini mwa Algeria mpaka Marekani unaikata usoni. Kwa wastani wa safari nzima weka hasara ya kilometa 60 kwa saa. Ardhini sasa unatembea 840, sio 900. 11,840 gawa kwa 840 ni masaa 14 na dakika 6, ongeza zile dakika 45, unagonga karibu 15 kamili. Kurudi upepo uko mgongoni, weka faida ya 30, yaani 930, unapata 12 na dakika 44, ongeza 45, ni 13 na nusu.

"Mbona basi tiketi ya kurudi ukiihesabu unapata 14 na nusu?" Kwa sababu mashirika yanaweka akiba ya muda. JFK pale foleni ya kuruka inaweza kula nusu saa na zaidi, ndege imeshatoka getini imejipanga nyuma ya zingine, na shirika linataka lifike kwa wakati kwenye karatasi. Ndo maana rubani anatangaza mmefika mapema dakika 40 watu wanapiga makofi, wakati ile akiba iliwekwa toka mwanzo.

Kitu kingine pembeni, Nairobi iko juu, uwanja wa JKIA uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege iliyojaza mafuta ya masaa 15 ni nzito kweli. Hewa ya usiku ni baridi na imeshikana zaidi kuliko ya mchana, inaisaidia kunyanyuka. JFK iko karibu usawa wa bahari kwa hiyo saa sita mchana wanaruka bila wasiwasi huo.

Hatua ya 4: soma tiketi kwa UTC

Hapa ndo pa kukaa kidogo, maana ndo panaponusuru watu.

Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika. Ya kuondoka ni ya mji unaoondoka, ya kufika ni ya mji unaofika. Usijaribu kuzilinganisha moja kwa moja, zote zipeleke kwanza kwenye saa moja ya katikati, UTC, ambayo marubani wanaiita Zulu.

Nairobi, Dar, Kampala, zote ziko mbele ya UTC kwa masaa 3, mwaka mzima, hatubadilishi saa. Toa 3. New York iko nyuma, na yenyewe inabadilika: kuanzia Jumapili ya pili ya Machi mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba iko nyuma kwa 4, miezi iliyobaki iko nyuma kwa 5. Ongeza 4 au 5.

Tiketi ya Julai, kwenda: 23:50 Nairobi kutoa 3 ni 20:50 UTC. 07:50 New York kuongeza 4 ni 11:50 UTC ya kesho yake. Kutoka 20:50 mpaka 11:50 ni masaa 15.

Kurudi: 12:30 New York kuongeza 4 ni 16:30 UTC. 10:00 Nairobi kutoa 3 ni 07:00 UTC ya kesho yake. Masaa 14 na nusu.

Yale masaa 8 na yale 21 na nusu ya mwanzo yameyeyuka. Ukitaka njia ya mkato, kwenda magharibi jumlisha tofauti ya saa za miji (8 ya uongo + 7 = 15), kurudi toa (21½ − 7 = 14½). Inafanya kazi ila mimi naiamini zaidi ile njia ya UTC, kwa sababu kwenye tiketi yenye koneksheni tatu ile ya mkato utajichanganya tu.

Angalia sasa Desemba. Tofauti ya Nairobi na New York sio 7 tena ni 8. Ndege ikiondoka 23:50 ileile na ikaruka masaa 15 yaleyale, itafika 06:50 sio 07:50. Mtu aliyesafiri Julai akamwambia mwenzake wa Desemba "unafika saa mbili kasoro kumi" amempoteza mpokeaji wake kwa saa nzima. Na ile wiki ya kwanza ya Novemba ni balaa zaidi, unaweza kukata tiketi ya kwenda kwenye tofauti ya 7 na ukarudi kwenye tofauti ya 8.

Hii hesabu inamsaidia pia anayemeza dawa kwa saa maalum. Masaa 15 ya mwilini ni masaa 15, haijalishi ukuta wa JFK unasema nini, kwa hiyo acha saa ya mkononi kwenye saa za Nairobi mpaka umalize safari, na mpango wa kuhamia saa za kule uuandike na daktari kabla hujaondoka. Na anayeswali Alfajiri asitegemee saa kabisa, aangalie dirishani. Julai jua linaweza kukuchomozea maeneo ya Azores bado masaa kama matano ya safari, Desemba unatua New York bado giza, jua la kule linachomoza kama saa moja na robo asubuhi. Ukihesabu tangu jua lilipozama Nairobi jioni yake, huo usiku mmoja unakaribia masaa 21.

Hatua ya 5: tafsiri kwa saa zetu na ukague tarehe

Tiketi haijui saa za Kiswahili. Kanuni ni hii: kuanzia 00 mpaka 06 ongeza 6, kuanzia 07 mpaka 18 toa 6, kuanzia 19 mpaka 23 toa 18. Kwa hiyo 23:50 inakuwa 5:50, saa sita kasoro dakika kumi usiku. 12:30 ni saa sita na nusu mchana. 07:50 ni saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Umeona zote mbili za mwanzo zinaangukia saa sita? Ukimwambia dereva wa teksi "saa sita" bila kusema usiku au mchana umejitakia.

Hatari yenyewe lakini ni tarehe. Kwenye tiketi siku inageuka 00:00. Sisi mtu akiwa macho saa saba usiku bado anasema ni usiku wa leo. Sasa ndege ikiandikwa Jumanne 00:40, hiyo ni saa saba kasoro dakika ishirini, usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne, unatakiwa uwe uwanjani Jumatatu saa nne usiku hivi. Mtu anapika, anapanga mabegi, anaaga ndugu Jumanne mchana kutwa, jioni anaingia kwenye gari na mashemeji wawili na blanketi, anafika uwanjani anaambiwa ndege yako iliondoka usiku wa kuamkia leo. Hii inatokea mno kwa ndege za Ghuba zinazoondoka kati ya saa sita na saa kumi usiku. Ukiona saa inaanza na 00, 01, 02, 03 au 04, chukua kalamu uandike pembeni "usiku wa kuamkia" na siku yake, na ndo umwambie kila mtu hivyo.

Na ile +1 ndogo iliyo juu ya saa ya kufika maana yake ni kesho yake. +2 ni keshokutwa. Sio mapambo.

Hatua ya 6: kama hakuna ya moja kwa moja, pima mchepuko

Watu wa Dar, Kigoma, Bujumbura na kwingine lazima uunganishe mahali. Hapa usiangalie bei peke yake, jumlisha kilometa za kila kipande uone unazungushwa kiasi gani.

Nairobi–Dubai ni kama 3,560, Dubai–New York kama 11,020, jumla 14,580. Umeongeza zaidi ya kilometa 2,700, kwa sababu unaanza kwa kwenda mashariki wakati unakoenda ni magharibi. Angani ni masaa kama 5 na kama 14, ukiweka kusubiri masaa manne unafika 23.

Nairobi–Amsterdam ni kama 6,680, Amsterdam–New York kama 5,860, jumla 12,540. Nyongeza ni 700 tu, maana Ulaya kidogo iko njiani. Angani ni kama masaa 16 na nusu, na ukisubiri matatu ni kama 20.

Kwa hiyo Dubai ikikupa punguzo kubwa, sawa, hayo masaa unayanunua kwa hela uliyookoa, na wengine wanapenda kupumzika katikati kuliko kukaa kiti kimoja masaa 15, mama mwenye miguu inayovimba mimi ningemwambia akate vipande viwili. Ila punguzo likiwa dogo sioni kwa nini uzungushwe. Kabla hujalipa kagua kama pasipoti yako inataka visa ya kupita kwenye nchi ya katikati, na kama vipande vyote viko kwenye buking moja. Ukinunua tiketi mbili mbalimbali na ya kwanza ikachelewa, ya pili haikusubiri na mara nyingi hela imekwenda.

Hatua ya 7: siku yenyewe

Asubuhi ya safari tafuta namba ya ndege kwenye Flightradar24, tovuti inayoonyesha ndege zilivyoruka, uangalie ile ya mwisho kufika ilichukua masaa mangapi hasa na ilipita wapi, hiyo ni karibu na ukweli kuliko hesabu yoyote niliyoandika hapa, kwa sababu ina upepo wa wiki hiihii. Kama hiyo ilitumia 14 na dakika 20, yako haitakuwa mbali sana na hapo.

Afu mtumie anayekupokea ujumbe ulio wazi, na siku, na mji wa hizo saa, mfano: "Naondoka Nairobi Jumanne saa sita kasoro dakika kumi usiku. Natua JFK Jumatano 07:50 saa za huko New York, Nairobi itakuwa saa tisa kasoro dakika kumi mchana. Namba ya ndege hii hapa." Mwambie pia asije 07:50 kamili, kuna foleni ya uhamiaji na kusubiri mabegi, aje saa moja baadaye na akae karibu na simu. Wa nyumbani nao wajue wasianze kupiga simu Jumatano asubuhi, saa hizo za kwao uko juu ya Atlantiki na simu imezimwa.